BUSTANI YA NYUMBANI
Maji ya sabuni: tulikosea kuandika

Mvua zimekata, vumbi limeanza kuingia mpaka ndani ya sufuria, na sisi wa ukurasa huu tumerudi tena. Mwezi huu tulipanga kuongea juu ya kiangazi na maji tu, lakini kabla ya hapo kuna deni letu la kulipa.

Katika toleo lililopita tuliandika sentensi moja fupi: "Vidukari wakivamia sukuma wiki, nyunyizia maji ya sabuni." Basi. Hatukusema sabuni gani, hatukusema kiasi gani, hatukusema saa ngapi. Mama mmoja wa watoto watano alisoma, au tuseme mtoto wake wa darasa la sita alimsomea, akafanya kama tulivyosema. Alichukua sabuni ya unga ya kufulia, nusu kikombe, akaikoroga katika ndoo ndogo ya lita 5, akanyunyizia saa sita mchana jua likiwa katikati ya kichwa. Kesho yake asubuhi majani yalikuwa yamejikunja, ya kahawia, kama yamepitishwa juu ya moto. Vidukari walikufa kweli. Na mboga ilikufa pamoja nao.

Alikuja shuleni tukiwa tunafundisha sehemu, moja ya mbili, moja ya nne, moja ya nane. Alisimama kwenye mlango wa darasa na sukuma moja mkononi. "Mwalimu, ninyi ndio mliandika. Mimi nilifuata." Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

Wengine watasema ni tuta moja tu la mboga. Wanaojua jinsi mgao ulivyo toka uanze kupunguzwa hawawezi kusema hivyo. Lile tuta ndilo lilikuwa mboga ya nyumba yake, na fungu mbili tatu alizouza kwa wiki ndizo zilikuwa chumvi na kiberiti. Karibu wiki nne watoto wale walikula ugali na mbaazi za njano bila jani lolote, na sababu ni sentensi yetu. Tena majirani wawili waliokuwa wameanza kuandaa matuta waliacha, wakisema mambo ya gazeti ni ya kuua mboga. Hawakukosea kusema hivyo.

Tulikwenda kuangalia. Kunawisha majani siku ya pili hakusaidii tena. Lengalenga ndogo zote zilikuwa zimekwisha, hizo tuling'oa. Sukuma tulikata majani yote yaliyoungua, tukaacha moyo wa juu peke yake, tukamwaga maji ya kutosha kwenye udongo ili sabuni ishuke chini. Katika mashina 14, mashina 9 yamechipua tena. Lengalenga tulimpa mbegu za bustani ya shule, tukampandia upya, na watoto wa darasa la tano walibeba maji zamu kwa zamu toka kwa robine. Mama, tunakuomba msamaha tena hapa mbele ya watu wote, maana kosa lilifanyika mbele ya watu wote.

Sasa tuandike vizuri.

MAJI YA SABUNI, NAMNA INAVYOTAKIWA

Tumia sabuni ya kipande, ile ya kawaida ya mgao au ya dukani isiyo na dawa za kung'arisha. Sabuni ya unga usiiguse kwa mboga. Sabuni ya unga ina chumvi na dawa kali za kutoa uchafu, na jani lina mafuta yake juu kama ngozi yetu, ndiyo yanazuia jani lisikauke. Dawa zile zinayaondoa yale mafuta, jua linamalizia kazi. Hata sabuni ya kipande ukizidisha inafanya hivyo hivyo, ila taratibu.

Kipimo: gramu 30 kwa lita 5 za maji. Hatuna mizani nyumbani, lakini hesabu ipo. Kipande cha gramu 250 ukikikata katikati, kila nusu ukaikata katikati, na kila robo tena katikati, umepata vipande 8. Kimoja ni kama gramu 30. Hiyo ndiyo moja ya nane tuliyokuwa tunaandika ubaoni siku ile mama alipokuja, na tangu hapo darasa zima linaijua vizuri kuliko hesabu nyingine zote. Kwa chupa ya lita moja, kata kipande kama ncha ya kidole gumba, kinatosha.

Sabuni usiitupe nzima ndani ya ndoo, haitayeyuka. Chukua kopo, litoboe matundu mengi kwa msumari toka ndani kwenda nje, umepata kikwaruzo. Kwaruza sabuni, iyeyushe kwanza katika kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, halafu mimina kwenye maji mengine. Koroga polepole.

Pampu ya kunyunyizia wengi hatuna. Toboa kifuniko cha chupa ya plastiki matundu 6 au 7 kwa sindano iliyopashwa moto, jaza, kamua chupa kwa mkono. Au chovya fungu la majani kwenye ndoo ukung'ute. Kitu cha lazima ni chini ya jani, maana vidukari wanakaa chini ya jani, siyo juu. Sabuni inaua mdudu iliyemgusa tu. Ikikauka haina nguvu tena, kwa hiyo anayenyunyizia juu juu anaosha majani, haui kitu.

Fanya saa kumi na moja jioni au asubuhi sana, kamwe siyo mchana. Na kabla ya kunyunyizia tuta zima, jaribu kwa majani mawili ya shina moja. Subiri mpaka kesho kutwa. Yakibaki kijani, endelea. Yakibadilika rangi, ongeza maji ujaribu tena. Hili la kujaribu kwanza ndilo tulipaswa kuliandika mwezi uliopita hata kama tungesahau mengine yote. Rudia baada ya siku 5 mpaka 7 wakiwa bado wapo, na mboga ioshwe vizuri kabla ya kwenda jikoni.

Halafu angalia kama kuna sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina. Sisimizi hawali sukuma, wanafuata ule utamu unaotoka kwa vidukari, na wanawalinda kama sisi tunavyolinda kuku. Ukiona na vidudu vyekundu vya mviringo vyenye madoa meusi, vidogo kama nusu ya punje ya njegere, usiviue. Hivyo ndivyo vinakula vidukari. Watoto wao wanatisha kidogo, weusi, warefu, kama mamba wadogo sana. Wengi wetu tumewaponda miaka yote tukidhani ni maadui.

KIANGAZI KIMEINGIA, MAJI YATATOKA WAPI?

Hapa Kigoma kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa mvua ni ndoto. Kwa robine foleni ni ile ile mnayoijua, na hakuna mama atakayemwaga bido ya maji ya kunywa kwenye tomati huku mtoto ana kiu. Kwa hiyo maji ya bustani ni maji ya mara ya pili.

Maji ya kusuuzia mchele, maharage na mboga ni mazuri kabisa, mwaga popote. Maji ya kuoshea sahani bila sabuni, vile vile, ila mafuta mengi yaondoe kwanza. Maji ya kuoga na ya kufulia kwa sabuni ya kipande, mpe mgomba au mpapai uliopandwa karibu na bafu, siyo miche midogo, na siku nyingine mpe maji safi kidogo ili udongo upumue. Maji ya sabuni ya unga na maji yenye dawa ya kloro yasiende bustanini. Na maji yoyote machafu yasiguse mboga inayoliwa mbichi, kama tomati za kachumbari au majani ya kitunguu. Kipindupindu hatuhitaji kukieleza kwa watu waliotoka Kivu na Uvira.

Angalia pia maji yasisimame. Dimbwi dogo nyuma ya bafu ni nyumba ya mbu. Chimba kamfereji, ayaelekeze kwenye mgomba, yaishe.

Chupa ya matone: chupa ya lita moja na nusu, kata kitako, toboa kifuniko tundu moja, ifukie kichwa chini karibu na shina la tomati, jaza maji. Sisi mara ya kwanza tulitoboa kwa msumari wa nchi tatu na tukajisifu sana, kumbe maji yote yaliisha kabla hatujamaliza kujaza chupa ya tatu. Tundu litobolewe kwa sindano ya kushonea. Ndani weka kitambaa kidogo juu ya kifuniko, udongo usizibe. Ikienda vizuri, chupa inachukua saa nyingi kwisha, na maji yanafika kwenye mzizi, siyo kwenye jua.

Onyo moja hapa, na tunaomba mlisome mara mbili. Chupa au bido iliyowahi kuwekwa dawa ya wadudu, dawa ya mifugo au mafuta ya gari isitumiwe bustanini wala nyumbani, hata ukiiosha mara kumi. Na zile dawa zinazouzwa zikiwa ndani ya chupa za soda bila karatasi ya maelezo, usinunue. Hujui ni nini, hujui kipimo, hujui ungoje siku ngapi kabla ya kula. Sisi tumeharibu tuta kwa sabuni tunayoogea, je, dawa isiyo na jina?

Funika udongo. Maganda ya maharage, majani makavu ya migomba, nyasi ambazo hazijatoa mbegu, vyote vinasaidia maji yasiondoke. Lakini mchwa wa hapa mnawajua. Acha nafasi ya kiganja kimoja kati ya majani makavu na shina, la sivyo wataanza na majani wamalizie na mboga.

GUNIA LA UNGA LINAKUWA SHAMBA

Wengi wetu ploti ni nyumba, jiko, bafu, na njia ya kupita. Kulima nje ya kambi haturuhusiwi. Basi shamba linapanda juu.

Chukua mfuko wa unga wa kilo 50 ambao haujapasuka chini. Changanya udongo mzuri sehemu tatu, mbolea iliyooza sehemu mbili, mchanga sehemu moja. Chukua lile bati la mafuta ya mgao, likate juu na chini libaki kama bomba. (Kingo zake zinakata kama wembe, ziponde kwa jiwe kwanza, na watoto wakae mbali.) Simamisha bati katikati ya gunia, lijaze mawe madogo, zungushia udongo pembeni. Udongo ukifika juu ya bati, livute juu taratibu, mawe yanabaki. Jaza tena mawe, jaza tena udongo, mpaka gunia lijae. Nguzo ile ya mawe katikati ndiyo njia ya maji. Bila mawe maji yanabaki juu na miche ya chini inakufa, hilo tumeliona kwa magunia yetu mawili ya kwanza.

Ngoja siku mbili tatu udongo ukae. Halafu toboa matundu pembeni kwa kijiti chenye ncha, nafasi ya kiganja na nusu, yasipangwe mstari mmoja juu ya mwingine bali yapishane. Panda miche ya sukuma na lengalenga pembeni, vitunguu au tomati moja mbili juu. Tomati zisizidi mbili, zina tamaa. Gunia moja linataka kama lita 5 kwa siku wakati wa kiangazi, nusu asubuhi, nusu jioni, na zote zimwagwe juu ya mawe.

Jua litalimaliza gunia lenyewe, mwaka mmoja hivi, nyuzi zinaanza kuachia. Ukiliweka upande wa nyumba wenye kivuli cha mchana linadumu zaidi, na mbuzi wa jirani hapiti hapo kwa urahisi. Kuhusu mbuzi na kuku tuliahidi kutoandika tena, maana kila tukiandika kuna watu wanagombana. Zungushia miiba, uongee na jirani kwa upole. Neti ya mbu ni ya kulalia. Iliyochanika kabisa ndiyo inaweza kufunika miche, siyo ile ya mgao mpya.

MBOLEA BILA NG'OMBE

Ng'ombe tuliwaacha nyumbani, wengine waliporwa. Tufanye na kilichopo.

Pembeni ya barabara kuna yale maua ya njano makubwa yanayofanana na alizeti, majani machungu, wengine wanayaita alizeti mwitu. Watoto wanayachezea, watu wanayakata kuwa fensi. Majani yake ni mbolea, kweli kabisa: yanaoza haraka, na yanaupa udongo vile vitu vitatu ambavyo mbolea ya dukani inauzwa kwa ajili yake. Mzee mmoja aliyefika hapa 1996 toka Fizi anatuambia kule kwao walikuwa wanayakata na kuyafukia tu wiki mbili kabla ya kupanda. Inafaa. Sisi tunapenda ya maji kwa sababu inatosha wengi: katakata majani na vijiti laini, jaza nusu ndoo, ongeza maji mpaka karibu juu, funika, koroga kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki mbili itanuka. Itanuka sana, msiweke karibu na dirisha la jirani. Ichuje, kikombe kimoja cha maji hayo uchanganye na vikombe vitatu vya maji ya kawaida, yawe rangi ya chai nyepesi. Mwaga kwenye udongo, siyo juu ya majani, mara moja kwa wiki.

Kinyesi cha kuku kibichi kinaunguza. Kirundike na majani na majivu kidogo, kifunike, kigeuze, kingoje miezi miwili au zaidi. Majivu nayo ni mazuri kwa udongo wetu huu mwekundu, lakini konzi moja kwa hatua moja ya tuta. Tumeona watu wanamwaga majivu ya wiki nzima ya jiko sehemu moja, miche inakuwa ya njano. Ni kosa la sabuni lile lile kwa sura nyingine.

Msomaji mmoja, baba, aliandika kwa karatasi bila jina, akaikunja mara nne, akauliza kama ni kweli mkojo ni mbolea. Ni kweli, baba, na usione haya. Kikombe kimoja cha mkojo, vikombe vitano vya maji, mwaga kwenye udongo mbali kidogo na shina, ufunike na udongo. Siyo kwenye majani. Uache mwezi mzima kabla ya kuvuna. Sasa lengalenga tunavuna kwa wiki tatu au nne toka kupanda, kwa hiyo haifai kwa lengalenga. Mpe mgomba, mpapai, mahindi. Na kama mtu ndani ya nyumba ni mgonjwa, mkojo wake usitumiwe.

MDUDU ANAYEKATA MICHE USIKU

Unapanda miche 20 jioni, asubuhi 6 imelala chini, imekatwa shingoni kama kwa kisu. Watu wengi hapo wanaanza kumfikiria jirani. Jirani hana kosa. Ni sota, mnene, rangi ya udongo, anajikunja kama pete ukimgusa. Mchana amelala papo hapo alipokata. Chimba kwa kidole pembeni ya mche uliokatwa, kina cha nusu kidole, utamkuta. Mpe kuku.

Ya kuzuia haigharimu kitu. Kata chupa ya plastiki pete za upana wa vidole vitatu, mche mmoja pete moja, ikae nusu ndani ya udongo, nusu nje. Sota hapandi. Mche ukishakuwa mgumu, toa pete, utumie kwa mingine. Viwavi wakubwa wa kwenye sukuma, hao dawa yao ni mikono ya watoto asubuhi na kopo la maji. Darasa letu lilishindana, na mshindi alikuwa na 63. Hatukusema atapewa zawadi, lakini alidai, ikabidi tutoe penseli.

Kuna wazee waliotuuliza kwa nini hatuandiki juu ya utupa, ule mmea wa kutia mtoni samaki walewe. Tunajua unaua wadudu. Lakini unaua na samaki, na kipimo chake tusingependa kukijifunza kwenye mboga za watu. Mwezi uliopita umetutosha.

MBEGU USINUNUE MARA MBILI

Lengalenga: chagua mashina mawili au matatu yaliyo bora kuliko yote, yenye majani mapana na yanayochelewa kutoa maua, yafunge kitambaa ili yasivunwe. Hapa wamama wanatucheka, wanasema bora ndiyo ya kula. Lakini ukila bora na ukaacha dhaifu atoe mbegu, mwaka wa tatu una tuta la dhaifu. Kichwa kikikauka, kisugue juu ya shitingi safi, pepeta. Wakati wa kupanda changanya kijiko kimoja cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, la sivyo zote zinaanguka sehemu moja.

Tomati: kamulia mbegu ndani ya kikombe pamoja na maji yake, ziache kivulini siku mbili au tatu mpaka povu litokee. Osha, zinazoelea tupa, zilizozama zianike kwenye sahani. Kwenye karatasi zinaganda. Ila kama tomati ilitokana na paketi iliyoandikwa F1, mbegu zake hazitafanana na mama yao, utapata mchanganyiko. Jaribu, lakini usizitegemee.

Matembele hayana mbegu ya kuweka, mbegu yake ni kamba hai. Ikikauka yote mwezi wa nane, mvua ikija utaomba kwa watu. Panda kamba tano tu pale maji ya bafu yanapopita, zitakuvusha. Fimbo za muhogo wa sombe zisichukuliwe kwenye mmea wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano, huo unaumwa na ugonjwa utahamia kwako.

Mbegu kavu ziwekwe ndani ya chupa kavu na majivu makavu yaliyopoa, zifungwe vizuri, kivulini, na kikaratasi chenye jina na mwezi. Siyo ndani ya mfuko. Panya wa kambi hii wanajua kusoma.

JUMAMOSI YA KWANZA YA MWEZI

Saa tatu asubuhi, chini ya mti wa shule, tunagawa mbegu za lengalenga, kijiko kimoja kwa nyumba. Mje na chupa ndogo kavu. Aliye na mbegu za nyanya chungu au pilipili alete tubadilishane, sisi hatuna hata moja. Tutaonyesha pia jinsi ya kukata sabuni vipande nane na kukwaruza, kwa vitendo, siyo kwa sentensi moja. Mama wa lile tuta amekubali kuja kusimamia kipimo. Alisema atakuja kuhakikisha tunasema vizuri. Lengalenga zake mpya zimefika urefu wa kidole, na watoto wake wanahesabu siku.

Maswali yaandikwe kwenye karatasi, yatiwe kwenye kisanduku mlangoni mwa ofisi ya walimu, au mtoto aje nayo darasani. Karatasi tatu za mwezi huu zinauliza juu ya vitunguu vinavyooza kabla ya kukomaa. Hizo tutajibu mwezi ujao, tukishajaribu kwanza sisi wenyewe kwenye tuta letu.